Pole na Kazi

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Akina mama mliosimama mlangoni na watoto mgongoni, ingieni ndani, viti vya mbele bado vipo, na baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, mnaijua wenyewe.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha darasa la awali na la kwanza kwa miaka 27 hadi nilipostaafu, nimelea watoto wanne wa tumbo langu, na sasa naishi na binti yangu na mjukuu wa kike wa miaka mitatu. Nimeitwa kwa sababu ya swali mlilouliza wengi kwenye kikao kilichopita: mtoto mdogo hasikii, kila kitu hataki, tufanyeje? Baadhi yenu mkaongeza kwamba kila mkutano mnaambiwa msipige, lakini hakuna anayewaambia mshike nini mkishaiweka fimbo chini. Hilo ndilo lililonileta. Mlikuwa na haki ya kuuliza.

Nianze na asubuhi ya Jumatatu iliyopita nyumbani kwetu. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu umetanda hadi nyumba ya jirani haionekani. Binti yangu ana sufuria ya uji jikoni, ana nguo za kazini begani, na dereva wa bajaji ameshapiga honi mara mbili. Mjukuu amekaa sakafuni sebuleni. Soksi moja iko mguuni, nyingine ameivaa mkononi na anazungumza nayo. "Vaa viatu," mama yake anasema kutoka jikoni. Kimya. "Nimesema vaa viatu!" Kimya. Nilihesabu: aliambiwa mara nane, kila mara sauti inapanda, na mara zote nane mama yuko jikoni na mtoto yuko sebuleni, hawaonani. Mara ya tisa mama akatoka, akamshika mkono, akamvalisha kwa nguvu. Mtoto akajinyonga, kiatu kikarukia chini ya kabati, uji ukaungua. Waliondoka wote wawili wanalia. Nasema wote wawili, kwa sababu nilimwona mwanangu akifuta macho kwa ncha ya kitenge kabla hajapanda bajaji.

Mwanangu si mama mbaya. Anaamka saa kumi na moja kila siku kwa ajili ya mtoto yule. Na mtoto yule si mkaidi, hilo nina uhakika nalo, kwa sababu nilikuwepo Jumapili yake. Jumapili mtoto alimfuata mama yake jikoni, akataka kumenya viazi. Akaambiwa, toka hapa, utajikata. Akaenda kuchukua ufagio. Akaambiwa, acha hiyo, unatimua vumbi. Akatoka nje, akakuta kidumu cha lita tatu kimejazwa maji, akakiburuza kuelekea mlangoni. Akaambiwa, weka chini, unamwaga maji. Ndani ya saa moja mtoto wa miaka mitatu ameomba kazi mara tatu na amefukuzwa kazi mara tatu. Kesho yake alfajiri tunataka atutii kwa neno moja.

Wazazi wenzangu, nimekuja na neno hilo tu. Mtoto mdogo anafika kwetu akiwa tayari anataka kushirikiana nasi. Sisi tunamfukuza akiwa na miaka miwili, mitatu, kwa sababu anachelewesha na anachafua. Akifika miaka minane, amekwisha kuzoea kwamba kazi za nyumbani hazimhusu, tunamwita mvivu na kumchapa.

Sisemi hivi kwa mapenzi ya bibi kwa mjukuu. Mwaka 2006 watafiti wawili waliokuwa Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichukua watoto 24 wa miezi 18. Miezi 18, wazazi wenzangu, huyo ni mtoto ambaye bado anavaa nepi. Mtu mzima asiyemfahamu anaanika nguo kwenye kamba, kibanio kinamdondoka, ananyoosha mkono hakifikii. Au amebeba mzigo mikono miwili, anataka kuuweka kabatini, anajigonga kwenye mlango uliofungwa. Hakuna aliyemwomba mtoto chochote wala kumwahidi chochote. Watoto 22 kati ya wale 24 walisaidia angalau mara moja. Wakatembea kwa vile vimiguu vyao, wakaokota kibanio, wakampa.

Watafiti haohao, miaka miwili baadaye, walifanya jambo jingine ambalo ningependa lisikike vizuri kwa kila anayenunua pipi ili mtoto akubali kuoga. Waliwapa baadhi ya watoto kichezeo kila waliposaidia, wengine hawakupewa kitu. Baadaye, zawadi zilipokoma, wale waliozoeshwa kulipwa walisaidia kidogo kuliko wale wasiowahi kulipwa. Hamu waliyokuja nayo ilipungua. Pipi imegeuza msaada kuwa biashara, na mteja akifunga pochi, kazi inaishia hapo.

Na jambo hili si geni kwetu. Wengine husema malezi ya upole ni mambo ya Wazungu, yameletwa na simu. Mimi nilizaliwa Rungwe. Nikiwa mdogo kiasi kwamba sikumbuki umri wangu, bibi yangu alinisukia ngata ndogo ya majani makavu ya migomba, akanitwika kopo la maji, tukapandisha mlima kutoka mtoni. Nusu ya maji ilinimwagikia shingoni. Tulipofika, bibi alilipokea lile kopo kwa mikono miwili, akamimina yaliyobaki kwenye mtungi uleule aliomimina ya kwake, akaniambia, "Ndaga." Asante. Alijua kabisa kwamba kopo langu halikuongeza kitu kwenye mtungi ule. Lakini maji niliyokunywa jioni ile yalikuwa na ya kwangu ndani yake, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kusimama mlangoni.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Barbara Rogoff, amefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wamaya wa Guatemala. Nao ni watu wa nyanda za juu, wakulima wa mahindi. Alichokiona kule ni kile cha bibi yangu: mtoto mdogo haondolewi penye kazi ya wakubwa, anakaa pale, anatazama, anaingiza mkono pale anapoweza, na hakuna anayemfanyia mhadhara. Basi tusione haya kuyarudia ya kwetu.

Nitawaambia namna. Viazi, mchemshie, vikishapoa mpe amenye kwa vidole, hakuna kisu hapo. Maharage makavu, mwekee lundo lake kwenye ungo mdogo apukuchue. Mboga, mpe achambue majani, na yale aliyoyachana ovyo yaingie sufuriani pamoja na yako, asikuone ukiyatupa. Vikombe vya plastiki aoshe yeye kwenye beseni, nje, juani. Itachukua muda. Kazi ya dakika kumi itakuwa ya nusu saa, na siku ambayo nusu saa hiyo huna, mwambie ukweli: leo tuna haraka, kesho utanisaidia. Halafu kesho umwite kweli. Mtoto anakumbuka ahadi kuliko mkopeshaji.

Sasa niseme habari ya fimbo, na nitaisema kwa kujitaja mwenyewe.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpiga. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetumwa mbali na kwetu, nyumba ya chumba kimoja, mshahara unachelewa. Alipomwaga maziwa nilimpiga, alipochelewa kuitika nilimpiga. Na alinitii! Watu walinisifu, wakasema mtoto wa mwalimu ana adabu, ukimtazama tu anakaa. Jioni moja, alikuwa na miaka mitano, nilirudi nikamkuta amekaa kitandani kimya, mkono mmoja ameuficha ndani ya mkono wa sweta. Nikamwambia aje tule. Akala kwa mkono wa kushoto. Nikamkaripia kwa kula kwa mkono wa kushoto. Hakusema kitu. Usiku nilipomvua sweta ndipo nikaona: kiganja kimechanika, damu imegandamana na sufu. Alikuwa ameangusha chupa ya chai. Akakusanya vile vigae vyembamba vya kioo cha ndani kwa mikono yake, akavificha nyuma ya gunia la mahindi, akakaa na kidonda chake saa nne nzima kuliko kuniambia mimi mama yake.

Nilikaa naye hospitali usiku ule akishonwa, na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimejenga. Nilidhani nimejenga adabu. Kumbe nimemfundisha mwanangu kwamba akiumia, mtu wa kwanza wa kumkwepa ni mimi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya mtafiti Grazyna Kochanska wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, nikaona ameeleza kwa utulivu kile kilichonichoma. Mwaka 1995 yeye na mwenzake walieleza kwamba utii wa watoto wadogo ni wa aina mbili. Walitazama watoto na mama zao: kuna vichezeo vizuri kwenye rafu ambavyo mtoto amekatazwa kuvigusa, na kuna vichezeo vya kukusanya. Mtoto mmoja anatii kwa sababu mama yupo na anamsukuma. Mama akitoka, mkono unaenda kwenye rafu. Mwingine ameikubali kazi kama yake. Mama akitoka, anaendelea. Na huyu wa pili alionekana zaidi pale ambapo mama na mtoto wana furaha wakiwa pamoja. Mimi huwa nauita wa kwanza utii wa macho, kwa sababu unaishia pale macho ya mzazi yanapoishia. Na mtoto wa Mbeya atakuwa mbali na macho yako mapema sana. Miaka minne tu, yuko kwa jirani, yuko kando ya barabara, yuko darasani na wenzake hamsini.

Tusidanganyane kwamba ni mimi peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini kwetu Tanzania ulionyesha kwamba karibu watatu kati ya kila vijana wanne, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mtoto, na kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili, kinasema pia kwamba adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi inatolewa kwa nini, haikubaliki. Mtoto wa miaka miwili anaelewa nini? Anaelewa kwamba mkono uliompa uji umempiga. Basi.

Kuna baba pale nyuma ananong'ona, nimemsikia, na nashukuru kwa kuwa amesema. Anasema: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Baba yangu, methali hiyo ni ya kweli na mimi naishika. Lakini tuisikilize inavyosema. Inamsema anayechelea, anayeogopa kilio. Mzazi anayeona mtoto anataka kulia akampa kisu achezee, akampa soda asubuhi, akampa simu ili anyamaze, huyo ndiye mchelea mwana. Upole ninaousema hauogopi kilio. Hapa Uyole barabara kuu inapita mlangoni kwetu, malori ya Tunduma hayapungui usiku na mchana. Mtoto akitaka kuvuka peke yake namshika mkono, na akilia namwacha alie, na mkono siuachii. Namwambia, "Najua unataka kukimbia. Hapa tunashikana." Atalia mpaka tufike ng'ambo. Sikumpiga, sikumtukana, wala sikumpa alichotaka. Jiko la mkaa ni hivyohivyo. Dawa aliyoandikiwa kliniki ni hivyohivyo.

Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Berkeley, California, katika miaka ya 1960 alichunguza watoto wa chekechea na namna wanavyolelewa. Aliwakuta wazazi wanaoamuru tu bila maelezo, akawakuta wanaoachia kila kitu, na akawakuta wa tatu, wenye upendo na msimamo kwa pamoja, wanaokataza na kusema sababu. Watoto wa hawa wa tatu ndio walioweza zaidi kujitegemea na kuelewana na wenzao. Kwa hiyo mzazi anayeachia mtoto kila kitu asiseme mwalimu amenifundisha. Sijamfundisha hivyo.

Tukubaliane sasa juu ya kilio chenyewe. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kujizuia na kupanga, inaendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Mtoto wa miaka mitatu anayejitupa chini sokoni Mwanjelwa kwa sababu ya mpira hakukaa akapanga kukuaibisha. Hasira imemjaa na hana pa kuiweka. Na sisi tunamwambiaje? Nyamaza! Nyamaza nikuzabe!

Hebu tazameni lugha yetu. Mtu akijikwaa njiani, hata usiyemjua, unamwambia pole. Hukumkwaza wewe, unasema pole. Akifiwa, pole. Akitoka safari, pole ya safari. Ukimkuta analima, pole na kazi. Neno hilohilo ndilo limezaa upole, limezaa polepole. Hakuna Mswahili anayeweza kupita penye mtu aliyeumia bila kulitamka. Lakini mtoto wetu akilia, yule mdogo kuliko wote, huyo tunamwambia nyamaza. Mimi nawaomba mmpe naye. Chuchumaa, macho yako yalingane na yake, umwambie, "Pole mwanangu. Ulikuwa unautaka sana ule mpira." Huo mpira hununui. Pole si hongo, hata msibani hatuwapi wafiwa marehemu wao, tunawapa pole. Lakini mtoto aliyepewa pole anarudi, na akisharudi anasikia unachosema. Ukianza na agizo wakati yeye bado yuko kwenye tufani, unaagiza upepo.

Kwetu Rungwe ukikutana na mtu asubuhi unamwambia "ugonile", unamuuliza kama amelala salama. Wahehe na Wabena watasema "kamwene". Hakuna anayeanza na shida yake kabla ya kujuliana hali. Mtoto peke yake ndiye anayeamshwa kwa "haya, amka, vaa, oga".

Niseme haraka mambo ya mdomoni, kwa sababu haya mtayajaribu leo jioni.

Mtoto wa miaka miwili akisikia "usimwage", lile "usi" ni dogo sana, ni rahisi kumezwa, huenda akakamata "mwaga" tu. Lugha yetu imeficha katazo ndani ya kitenzi. Mwambie afanye nini: "Shika kikombe kwa mikono miwili." Badala ya "usikimbie", sema "tembea". Badala ya "usimpige mwenzio", shika ule mkono taratibu umwonyeshe kumpapasa mwenzake. Muite mara moja ukiwa karibu, umemgusa bega, amekutazama. Ukimwita mara nane kutoka jikoni unamfundisha kwamba saba za kwanza si za kweli. Usimuulize kama si swali. "Twende tukaoge?" Atasema hapana, na amejibu vizuri, uliuliza. Sema, "Ni wakati wa kuoga. Utaingia na kikombe au na kopo?" Kuoga kumeshaamuliwa, yeye anachagua kilicho chake. Na kabla ya kumwondoa kwenye mchezo mpe taarifa kwa kipimo anachokijua. Dakika tano hazijui. Vikombe vitatu vya mchanga anavijua.

Hapa kuna jambo ambalo haliwezi kupita haraka, kwa sababu ni la mikoa yetu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa watoto 57 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe ni nusu, wakati kwa nchi nzima ni 30. Sisi, nyanda za juu, tunaolisha nchi mahindi na viazi na maharage. Mzazi anayetoka alfajiri kwenda shambani au sokoni anaacha uji asubuhi, na mtoto anakaa nao hadi mchana. Nawaambia kama mwalimu: nimewaona darasani. Saa nne asubuhi yule mtoto aliyekuwa anaimba anakuwa mkorofi, anapiga wenzake, analala juu ya meza. Tukimwita mtukutu tumemsingizia. Ana njaa. Mtoto mwenye njaa, mwenye usingizi, mwenye homa, haombwi ushirikiano, anahudumiwa kwanza.

Na kumlisha kwenyewe. Bado tunawalaza watoto mapajani, tunawaziba pua, tunawamiminia uji. Tunafanya hivyo kwa upendo na kwa hofu ya mzani wa kliniki, najua. Lakini mtoto anapaliwa, na siku ya tatu akiona kikombe tu anafunga mdomo. Keti naye. Mpe kijiko chake hata kama nusu itaenda shavuni. Akigeuza kichwa, subiri, mwongeleshe, mpe tena baada ya muda. Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, wa kuanzia sifuri hadi miaka minane, na humo mtasikia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakitaja "malezi yenye mwitikio". Maana yake ni hii: mtoto anasema kitu kwa jicho, kwa mkono, kwa kichwa, na wewe unamjibu. Akifika kwako mhudumu huyo, mkaribishe, muulize.

Akina baba, mmoja wenu amenituma swali kwa karatasi: mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku, mtoto amelala, nitashirikiana naye saa ngapi? Baba, Jumapili ipo. Ukiosha pikipiki, mpe kitambaa aoshe taa ya nyuma. Mtoto wa kiume au wa kike, yeyote. Ukienda shambani kuvuna mahindi, yeye abebe hindi moja. Na ukirudi usiku, ukimkuta macho, usiwe wewe ndiye wa kusomewa mashitaka ya mchana kutwa ili utoe adhabu. Wakina mama, tuache kusema "subiri baba yako aje". Tunamgeuza baba kuwa polisi katika nyumba yake.

Mnataka kujua habari ya viatu. Jumatatu usiku nilikaa na mwanangu, nikampa pole kwanza, maana naye ni mtoto wa mtu. Tukakubaliana. Jumanne akamwamsha mtoto robo saa mapema, akamkalisha mapajani karibu na jiko akiwa bado mzito wa usingizi, bila agizo lolote. Uji ulipoiva akachuchumaa mbele yake: "Bajaji inakuja. Tuanze na mguu huu au huu?" Mtoto akautazama mmoja, akautazama mwingine, akanyoosha wa kushoto. Kiatu kikaingia mguu usio wake, na mama akatabasamu, akavibadilisha. Jumatano ilishindikana, alilia vilevile, akabebwa na viatu mkononi. Alhamisi alivaa. Haitakuwa kila siku, na siku ambayo haikuwa, usiihesabu kama umeshindwa.

Alhamisi ileile jioni nilikuwa bombani uani nachota maji. Akaja na kidumu chake, kile cha lita tatu, nikamjazia kidogo, chini ya nusu. Akakikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akapandisha ngazi mbili za mlango, maji yanamchuruzika kwenye sweta, akafika kwenye ndoo, akamimina. Mengine yaliingia. Nilisimama nyuma yake na ndoo yangu kichwani, nikamwambia kama ambavyo ningemwambia mtu mzima yeyote:

"Pole na kazi, mama."

Akageuka. Akajifuta paji la uso kwa mkono, kama anavyomwona mama yake.

"Nimeshapoa, bibi," akasema, akachukua kidumu, akashuka ngazi kwenda kuchota tena.